Geji ya joto inadanganya? Jinsi ya kupima na kubadilisha senda kwenye Land Rover Series na gari zingine za zamani

Mshale wa geji ya joto ukianza vituko kwenye gari ya zamani, mafundi wengi watakwambia neno moja tu, "badilisha sensa", yaani senda, kile kifaa kinachopima joto la maji ya injini. Inaweza ikawa kweli, ila senda ni kitu kimoja tu kati ya vingi vinavyoweza kuharibu usomaji: kuna waya, kuna geji yenyewe, kuna kidhibiti volti, kuna ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari), na kuna siku kila kitu kiko sawa ila injini inachemsha kweli na wewe unabishana na mshale. Kwa hiyo hapa tunapima kwanza, dukani tunaenda baadaye, na hata hiyo mpya utakayonunua tunaipima kabla haijaingia kwenye hedi, kile kichwa cha injini.

Mfano wangu ni Land Rover Series IIA na Series III za petroli, ile injini ya lita 2.25, kwa sababu bado ziko nyingi huku kwetu na zingine ziliunganishwa hapo Thika enzi za Leyland Kenya. Vyombo vyake vya dashibodi ni Smiths, na mfumo huohuo utaukuta kwenye Mini, MGB, Triumph na gari nyingi za Kiingereza za miaka ya 60 na 70. Mwenye Datsun, Land Cruiser FJ40 au Peugeot 504 kanuni ni ileile, vinavyobadilika ni uzi wa senda, namba za upinzani na mahali kidhibiti kilipojificha.

Inavyofanya kazi, kwa kifupi

Senda ni kikopo kidogo cha shaba ya njano kimefungwa kwenye hedi au kwenye haus ya themostati (vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto), ncha yake imezama kwenye maji ya injini. Ndani kuna kidonge ambacho upinzani wake unapungua kadiri joto linavyopanda. Baridi utakuta omu (kipimo cha upinzani) mia kadhaa, maji yakikaribia kuchemka zinabaki makumi machache tu. Waya ni mmoja, unatoka kwenye geji unakuja kwenye senda, halafu umeme unarudi kwa ethi kupitia uzi wa senda na bodi ya injini. Hiyo habari ya uzi iweke kichwani, tutairudia.

Geji yenyewe ndani ina kipande cha metali mbili kilichozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita kile kipande kinapata joto, kinajikunja, kinasukuma mshale. Ndio maana mshale wa gari hizi unapanda taratibu, haurukiruki, ukiwasha swichi lazima usubiri nusu dakika hivi ndio usimame. Sasa geji ya namna hii inasoma umeme, kwa hiyo volti zikipanda na kushuka na yenyewe inapanda na kushuka. Smiths wakaweka kidhibiti volti, kiboksi kidogo nyuma ya dashibodi kinachokata na kurudisha umeme ili wastani uwe volti 10, na kinalisha geji ya joto na ya mafuta kwa pamoja. Hiyo ndiyo siri kubwa ya uchunguzi wote.

Kama gari yako ni ya zamani zaidi na nyuma ya geji unaona kibomba chembamba cha shaba kinachokwenda mpaka kwenye injini badala ya waya, hiyo haina umeme kabisa, ndani kuna kimiminika na shinikizo lake ndilo linasukuma mshale. Usikate hicho kibomba, usikikunje kwa nguvu. Kikipasuka ni geji nzima imekwenda, na mengi ya humu hayakuhusu.

Vitu vya kuwa navyo

Maltimita ya kawaida, hata ile ya bei ya chini inatosha. Balbu ya volti 12 yenye waya mbili, ile testa ya fundi umeme. Kipimajoto kinachofika nyuzi 110, cha jikoni kinafaa. Rizista (vipande vidogo vyenye upinzani maalumu) mbili tatu, moja ya omu 68 na moja ya omu 20 hivi, za wati 1 au zaidi, vijana wa maduka ya elektroniki wanaziuza kwa bei ya soda. Sufuria ambayo hutaipikia tena, boksi spana au soketi ndefu inayokaa vizuri kwenye kichwa cha senda, brashi ya waya, msasa laini, washa (ringi bapa ya kuzibia) mpya ya shaba, na chombo safi cha kukingia maji. Kile kipimajoto cha bunduki kinachopiga mionzi ukipata ni vizuri, huna haja ya kukinunua kwa kazi hii peke yake.

Soma dalili kabla hujashika spana

Hapa ndipo watu wanaokoa hela au wanazipoteza. Washa swichi, tazama geji zote mbili, ya joto na ya mafuta.

Zote mbili hazipandi kabisa: fyuzi, au umeme haufiki kwenye kidhibiti, au kidhibiti kimekufa kikiwa wazi. Senda haina kosa, haiwezekani ya joto na ya mafuta zife siku moja.

Zote mbili zinasoma juu kuliko kawaida, mafuta yanaonekana yamejaa wakati unajua hujaweka, na joto liko karibu na eneo jekundu: kidhibiti kimeganda kinapitisha volti 12 zote, au kimepoteza ethi. Hii ya kupoteza ethi ndiyo naikuta zaidi, kwa sababu kile kiboksi kinapata ethi kwenye bodi kupitia skrubu yake, na baada ya miaka hamsini ya vumbi na kutu hiyo skrubu imebaki pambo.

Ya mafuta iko sawa, ya joto peke yake imelala chini kwenye C (baridi): waya umekatika au umechomoka, au senda imekufa, au geji yenyewe. Na usisahau themostati, maana nusu ya Land Rover za huku walishaitoa zamani, fundi atakwambia "tumeitoa gari isichemshe". Injini isiyo na themostati ukiendesha Njombe au Limuru asubuhi ya mwezi wa 7 mshale hauamki kabisa na senda haina tatizo lolote. Injini inayokimbia baridi inakula mafuta na inachakaa haraka, rudisha themostati ya nyuzi 74 au 82 ndio uendelee na uchunguzi.

Ya mafuta iko sawa, ya joto inapanda mpaka H (moto) ukiwasha swichi tu hata injini ikiwa ya baridi: waya wa senda umechubuka sehemu unagusa bodi, au senda imeshoti ndani.

Ya joto inapanda kawaida halafu safarini inashuka ghafla mpaka chini: simamisha gari. Usifurahi eti imepoa. Senda inasoma ikiwa ndani ya maji, maji yakiisha au hewa ikijaa pale juu inabaki kwenye hewa, inasoma chini wakati hedi inaungua. Watu wamepindisha hedi hapo wakiwa wanatazama mshale uko kwenye C.

Hatua ya 1: jaribu geji kwa waya

Injini imezimwa, ya baridi. Tafuta senda, kwenye 2.25 iko mbele ya injini maeneo ya themostati. Kwa waya za Lucas rangi yake ni kijani yenye mstari wa bluu, ya mafuta ni kijani yenye mstari mweusi, na kijani hafifu ndiyo inayotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye geji. Ila kama gari imepitia mafundi kumi rangi zisikudanganye, fuata waya kwa mkono.

Chomoa waya kwenye senda, uache hewani usiguse chochote, washa swichi. Mshale lazima ulale kwenye C. Ukipanda, waya umeshoti njiani, anza kuufuatilia unapopita kwenye faiawoli (ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi), raba ya pale huwa imeoza.

Sasa unganisha rizista ya omu 68 kati ya huo waya na bodi safi ya injini. Subiri dakika moja. Mshale wa Smiths unatakiwa kuja karibu na katikati. Weka ya omu 20, unatakiwa kwenda maeneo ya H. Ikiwa hivyo basi geji, waya, kidhibiti na fyuzi vyote vizima kwa pigo moja, umebakiwa na senda tu.

Mafundi wengi wanagusisha ule waya moja kwa moja kwenye bodi. Inafanya kazi, mshale utapanda, lakini hapo hakuna upinzani wowote na ule waya mwembamba ndani ya geji unabeba umeme mwingi kuliko uliokusudiwa. Ukiwa porini huna rizista fanya, ila mshale ukishaanza kupanda ondoa, usiuache ukagonga mwisho na wewe umekwenda kuita mtu aje kuona. Toyota kwenye vitabu vyao wanatumia balbu ndogo ya wati 3.4 katikati badala ya kugusisha waya mtupu, na hiyo ni akili nzuri kwa gari yoyote.

Mshale haujasogea na rizista ipo? Nenda nyuma ya dashibodi, weka ncha moja ya rizista kwenye terminali ya geji yenyewe upande wa senda, ncha nyingine kwenye bodi. Ikisogea, waya umekatika katikati. Isiposogea, geji au umeme unaoilisha.

Hatua ya 2: kidhibiti volti

Kama geji ya mafuta inasoma ukweli unaweza kuruka hii. Kama hapana, kile kiboksi kina alama B, I na E: B ni umeme wa betri baada ya swichi, I ni kwenda kwenye geji, E ni ethi. Weka balbu ya kupimia kati ya I na bodi, washa swichi. Kidhibiti kizima cha zamani kitaiwasha balbu halafu ianze kuwaka na kuzima. Ikiwaka moja kwa moja bila kukatika, vua skrubu, piga msasa nyuma ya kiboksi na kwenye bati, rudisha, pima tena. Ikiendelea vilevile kimeganda.

Maltimita ya kidijitali hapa itakuchanganya, namba zinaruka 12, 0, 12, 0, usiseme kimeharibika kwa sababu hiyo, ndivyo kinavyofanya kazi. Siku hizi zinapatikana za elektroniki zenye umbo lilelile ambazo zinatoa volti 10 zilizotulia, hizo maltimita inazisoma vizuri, ila angalia gari yako ni ethi ya hasi au ya chanya kabla hujaiweka, kwa sababu Series IIA za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na ethi ya chanya na kidhibiti cha elektroniki kikiunganishwa kinyume kinakufa hapohapo. Kile cha zamani kinajali kukaa wima tu, kina alama ya upande wa juu, usikifunge kichwa chini.

Kwenye FJ40 usihangaike kutafuta kiboksi, kidhibiti kiko ndani ya geji ya mafuta, na volti zake ziko chini zaidi, kama 7.

Hatua ya 3: ethi ya injini

Dakika mbili tu. Maltimita kwenye omu, ncha moja kwenye mwili wa senda, nyingine kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Unatakiwa kuona karibu na sufuri. Ukiona omu kumi ishirini, ama ule mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi umeoza, ama fundi aliyepita alizungushia senda tepu nyeupe ya mabomba raundi sita mpaka haigusi chuma. Omu ishirini za ziada zinaonekana ndogo, lakini senda ikiwa ya moto yenyewe inabeba omu makumi machache, kwa hiyo geji itakusomea baridi kuliko ukweli, upande uleule unaoua injini.

Hatua ya 4: pima senda ikiwa kwenye gari

Kabla ya kufungua kitu, chomoa waya, maltimita kwenye omu, ncha moja kwenye kichwa cha senda na nyingine kwenye mwili wake. Andika namba injini ikiwa ya baridi. Washa injini, subiri ipate joto, pima tena kila dakika chache. Namba inatakiwa kushuka taratibu bila kuruka, na kwa vidonge hivi kwa makadirio kila joto likipanda nyuzi 20 upinzani unapungua kama nusu. Maltimita ikionyesha haina mwisho, ndani kumekatika. Sufuri injini ikiwa baridi, imeshoti. Namba haibadiliki hata injini ikiwa ya moto, imekufa au haiko kwenye maji. Namba inaruka ukigonga kichwa chake kwa kidole, mguso wa ndani umelegea, hiyo ndiyo senda inayofanya mshale ucheze kwenye barabara ya vumbi na kutulia kwenye lami.

Hatua ya 5: kuitoa

Injini iwe ya baridi kabisa. Sio vuguvugu. Mfumo wa maji uko kwenye shinikizo, maji ya nyuzi 105 yakipata tundu yanageuka mvuke usoni kwako na hospitali haitakuuliza uliharakia wapi.

Fungua kifuniko cha rejeta, toa maji kama lita mbili kwa koki ya chini mpaka usawa ushuke chini ya senda, kinga kwenye chombo safi uyarudishe. Kama ni kulanti na sio maji ya bomba usiiache wazi, ni tamu na ni sumu, mbwa na watoto wanaionja. Wengine hawatoi maji, wanaacha kifuniko cha rejeta kimefungwa, wanatoa senda na kuziba tundu kwa kidole halafu wanaweka mpya haraka. Inawezekana na maji yanayomwagika ni kidogo, ila hupati nafasi ya kusafisha uzi wala kuona ndani kukoje, na mimi nataka kuona.

Safisha pale kuzunguka kwa brashi. Kama haijafunguliwa miaka, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni uiache mpaka asubuhi. Tumia spana yenye pembe sita inayokaa sawasawa, koleo na spana ya kufunga mabomba weka mbali, shaba ya njano ni laini na kichwa kikishakuwa duara umeanza kazi nyingine. Isipotoka, washa injini ipate vuguvugu kidogo, zima, iache ipoe, jaribu tena, na uende mbele na nyuma robo robo. Kama imefungwa kwenye haus ya alumini kuwa mpole mara mbili, uzi wa alumini unatoka pamoja na senda.

Ikitoka chungulia tundu. Ukiona tope la kahawia limeziba, ncha ya senda ilikuwa imevaa koti, na inawezekana senda ni nzima kabisa. Futa tope, isafishe ncha, ipime kwanza.

Hatua ya 6: kipimo cha sufuria

Hiki ndicho kipimo chenye heshima, na fanya kwa senda ya zamani na mpya pamoja. Chemsha maji kwenye ile sufuria uliyoitoa sadaka. Ning'iniza senda kwa waya ili ncha na uzi vizame lakini kichwa kibaki juu ya maji, isiguse chini ya sufuria maana pale chuma kina joto kuliko maji. Kipimajoto kikae jirani nayo. Ncha moja ya maltimita kwenye mwili, nyingine kwenye kichwa. Andika omu kwenye nyuzi 30, 50, 70, 80, 90 na maji yanapochemka.

Na hapa kuna kitu watu wa bara wanasahau: maji hayachemki nyuzi 100 kila mahali. Dar, Tanga, Mombasa sawa, ni 100. Kwa kila mita 300 unazopanda kiwango kinashuka nyuzi moja hivi, kwa hiyo Arusha yanachemka kwenye 95, Nairobi na Mbeya kwenye 94. Ukipima Nairobi ukaandika "100" pale yanapotokota, jedwali lako lina kosa la nyuzi sita na utailaumu senda bure.

Hesabu hiyohiyo inaeleza ugomvi mwingine. Kifuniko cha rejeta cha Series III ni cha psi 9. Kikiwa kizima maji yanavumilia mpaka kama nyuzi 114 usawa wa bahari, na kama 110 Nairobi. Kikiwa kimekufa hakishiki shinikizo, Nairobi maji yanatokota kwenye 94, wakati geji bado iko mahali pazuri kabisa. Mtu anakuja analalamika "inachemsha na geji haionyeshi, senda mbovu", kumbe senda inasema kweli, kinachotakiwa ni kifuniko kipya.

Linganisha namba zako na zile rizista. Kama geji yako inakuja katikati kwa omu 68, tafuta kwenye jedwali ni joto gani senda inasoma 68. Ukikuta ni nyuzi 80 na kitu, karibu na themostati yako, umepata senda inayoendana. Ukikuta inafika 68 kwenye nyuzi 60, geji itakutisha kila siku. Kwenye 100, itakubembeleza mpaka hedi ipinde.

Kununua

Nenda na ya zamani mkononi, iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road. Kwa Land Rover namba ya spea inayotumika sana ni 560794. Senda nyingi za Smiths uzi wake ni inchi 5/8 UNF, na hapa kuna mtego mbaya: uzi wa milimita 16 hatua 1.5 unafanana nao sana kwa macho. Unaingia raundi mbili vizuri kabisa halafu unakaza, na mwenye mikono ya nguvu anamalizia kwa spana na ndio mwisho wa uzi wa hedi. Senda sahihi inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho.

Pia usikubali kupewa swichi badala ya senda. Kuna swichi za taa ya joto na swichi za feni, zinafanana kwa nje, lakini zenyewe zinafunga na kufungua tu, hazina upinzani wa kupanda na kushuka. Kwenye Peugeot 504 unaweza kukuta vyote, maana feni yake inashikwa kwa sumaku na ina swichi yake ya joto. Maltimita inakutofautishia hapohapo dukani: senda ya baridi inasoma omu mia kadhaa, swichi inasoma sufuri au haina mwisho. Muuzaji asiyetaka upime kitu chake achana naye.

Kuifunga

Safisha uzi wa hedi kwa brashi, uso wa pale washa inapokaa uwe unang'aa. Washa mpya ya shaba, au kama huna, ya zamani ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu halafu ipoe, inarudi laini. Tepu nyeupe sitaki kuiona, na silikoni pia, washa ndiyo inayozuia maji na uzi ndio unaopitisha umeme. Kama senda yako ni ya uzi wa mchongoko isiyo na washa, paka kidogo sana ya gundi ya uzi kwenye raundi za katikati, halafu rudia kipimo cha ethi cha hatua ya 3.

Ingiza kwa vidole, malizia kwa spana ndogo, ikikaza ongeza robo raundi basi. Terminali ya waya isafishe, kama imelegea ibane kwa koleo. Rudisha maji taratibu, washa hita iwe wazi ili maji yazunguke kila mahali, acha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Injini ya petroli ya 2.25 inabeba jumla kama lita 10, kwa hiyo ukitoa mbili ukarudisha moja ikakataa kuna hewa imebaki ndani, na hewa inapenda kukaa palepale juu senda ilipo.

Kupatanisha geji na ukweli

Geji za Smiths hazina namba, zina C, N na H, kwa hiyo ni wewe utajua N yako maana yake nini. Injini ikiwa moto na imetulia, chukua kipimajoto cha bunduki, piga kwenye haus ya themostati karibu na senda, lakini kwanza bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme pale au paka rangi nyeusi. Chuma kinachong'aa kinarudisha mionzi ya vitu vingine na bunduki itakusomea chini sana, watu wanapata nyuzi 50 kwenye injini ya 85 na kuanza kutafuta shida isiyopo. Tazama mshale uko wapi, weka alama ndogo kwenye kioo cha geji.

Kama senda mpya ni nzima ila inasoma juu kidogo kuliko ukweli na hakuna nyingine mjini, unaweza kuongeza rizista ndogo mfululizo kwenye waya wake, omu 10 au 15, mshale utashuka. Ikisoma chini kuliko ukweli, rizista inakwenda sambamba, kutoka kwenye waya kwenda kwenye ethi, anza na kubwa kama 470 ushuke polepole mpaka mshale ukae. Kwa kusema kweli hii ya sambamba inapandisha upande wa baridi pia na C yako haitakuwa C tena, lakini bora geji inayoogopa mapema kuliko inayochelewa. Rekebisha ukitazama eneo la juu, kule kunakouma, sio pale injini inapoamka.

Endesha mlima mmoja, rudi, tazama pale kwenye senda kama kuna unyevu. Kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta uangalie usawa. Kushuka kidogo mara ya kwanza ni hewa ilitoka, ongeza. Ikiendelea kushuka kila siku na chini ya gari hakuna tone, na senda ni kavu, funga boneti uanze kufikiria gasketi ya hedi.